Rekebisha au badilisha? Kasoro ndogo chini ya boneti ya gari la spoti la zamani

Fungua boneti ya gari la spoti lenye miaka 30 na zaidi, hutakosa cha kulalamikia. Mpira fulani umepasuka nchani, oili imelowesha ubavu wa injini, kichwa cha betri kimeota chumvichumvi, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe. Hakuna kati ya hayo linalotaka injini ishushwe. Ila kila moja lina njia mbili au tatu za kulimaliza, na wenye magari haya hawachoki kubishana. Mmoja anasema weka kipya. Mwingine anaapa kwamba cha zamani kilitengenezwa vizuri kuliko hivi vya leo. Wa tatu anataka kung'oa kila kitu afunge cha kielektroniki.

Mimi huanza na swali moja kabla ya kufikiria gharama au usumbufu: hiki kitu kikifa nikiwa njiani, kitafanya nini? Kama kitaunguza injini au kuleta moto, kinatoka leo na kinaingia kipya kilicho bora. Kama kitanikera tu, au kunichelewesha, basi cha zamani kinapewa nafasi ya kukarabatiwa kwanza. Mifano mingi naitoa kwenye magari yanayojulikana na wengi: MGB (1962 hadi 1980), Datsun za familia ya Z, Porsche 944 (1982 hadi 1991) na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza (1989 hadi 1997). Lako likiwa jingine, mpira ni mpira na waya ni waya.

Kupima: multimita au mashine ya kusoma kodi?

Hapa hakuna mjadala mrefu. Mfumo wa OBD-II, ule wenye tundu sanifu la kuchomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Gari la kabla ya hapo kwa kawaida halina hata tundu la kuchomeka mashine hiyo. Baadhi yana njia zake. MX-5 ya kwanza ina kisanduku kidogo cha plastiki chini ya boneti, unaunganisha tundu la TEN na la GND kwa kipande cha waya, halafu unahesabu taa inavyomemeta. Ni msaada, lakini kompyuta ya enzi hizo inaona mambo machache, na ule mpira uliopasuka nyuma ya injini haumo kati ya hayo.

Nunua multimita. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5. Ongeza tochi na kioo kidogo chenye mkono mrefu. Kasoro nyingi utaziona kwa macho kabla ya kuzipima.

Mipira: ya hewa, ya maji, ya petroli

Watu huinunua yote kwa mkupuo mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kila aina ina uamuzi wake.

Nianze na ya hewa, kwa sababu ndiyo inayosumbua akili. Mpira wa vakyumu (unaofyonzwa hewa na injini) ukipasuka, injini inavuta hewa ambayo haikupimwa, mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, sailensi inapanda au inayumba, na gari linamisi likiwa limesimama lakini linatulia ukikanyaga mafuta. Kwenye magari yenye kipimahewa cha kibao, kama Datsun 280Z yenye mfumo wa Bosch L-Jetronic, au MX-5 ya lita 1.6, kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Washa injini, iache ipate moto, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili. Kama mfumo wote umebana vizuri, injini itashtuka hapo hapo: itatetemeka, itashuka, pengine itazimika, maana umeifungulia hewa mlango wa uani. Ukifungua na injini isijali, ujue kuna mlango mwingine uliokwisha kufunguka zamani. Si kipimo cha maabara, lakini kinakwambia kama kuna haja ya kuendelea kutafuta.

Kutafuta kwenyewe kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mipira na viungo huku ukisikiliza kama mngurumo unabadilika. Inafanya kazi. Pia inawaka, na menifoldi ya moshi iko sentimita chache tu pembeni, ikiwa na moto mkali. Ya pili ni mashine ya moshi: injini imezimwa, moshi unasukumwa kwenye njia ya hewa, na unapotokeza ndipo penye ufa. Kama unaweza kuazima au kumlipa fundi mwenye mashine hiyo, chagua moshi. Kama huwezi, chukua kipande cha mpira mrefu, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe taratibu juu ya viungo. Hewa inayovutwa kwenye ufa inapiga mluzi.

Ukishaupata mpira wenyewe, tazama ulipopasuka. Mara nyingi ni pale nchani, kwenye sentimita ya mwisho inayokaa juu ya bomba. Kama una urefu wa ziada, kata hiyo sentimita, urudishe. Hiyo ni matengenezo halali na itakaa. Kama umekakamaa mwili mzima, badilisha. Hapa ndipo watu wanakimbilia mipira ya silikoni ya rangi za kupendeza. Kwa vakyumu kavu silikoni ni nzuri, inavumilia joto kuliko mpira wa kawaida. Lakini silikoni ya kawaida haipatani na petroli wala mvuke wa oili: petroli inapenya, oili inaivimbisha na kuilainisha. Kwa hiyo usiifunge kwenye bomba la kupumulia injini, na usiisogeze kabisa karibu na petroli. Mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye buta ya breki (kile kisaidizi cha nguvu ya breki) nao usiukate wala kuuunga. Huo ni mpya, wenye ukuta mnene, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na ile valvu yake ya kupitisha hewa upande mmoja ijaribiwe kwa kupuliza na mdomo.

Mipira ya maji haina siri. Ibonyeze ikiwa baridi: mzuri unarudi, mbovu ama unasikika ukivunjikavunjika kwa ndani ama unabonyea bila ubishi, hasa karibu na klipu. Mbovu unabadilishwa, haufungwi tepu. Tepu ile inayojishika yenyewe iwe ya kukufikisha nyumbani tu. Kati ya mpira wa kiwandani na silikoni, mimi huchagua wa kiwandani kwa gari la barabarani. Silikoni inadumu, lakini ni laini, inakatwa na klipu zenye matundu, na mara nyingine inatoa unyevu kwenye viungo mpaka uanze kukaza kila wiki. Na ukibadilisha wa juu na wa chini wa rejeta, usisahau ile mifupi ya hita iliyojificha kati ya injini na ukuta wa nyuma. Kwenye MX-5 ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mkono hauingii vizuri, na ikipasuka inamwaga maji kama ile mikubwa.

Mipira ya petroli haina ulinganisho wa kukarabati na kubadilisha. Ni kubadilisha. Ulinganisho uliopo ni wa daraja. Ubavuni mwa mpira huandikwa kiwango cha SAE J30: R6 na R7 ni vya kabureta, ambapo shinikizo ni dogo, kama bar 0.2 hadi 0.3, R9 ni ya mifumo ya sindano, ambapo shinikizo ni kama bar 2.5 hadi 3. R9 pia ina utando wa ndani unaovumilia petroli yenye ethanoli, ambayo mipira ya miaka ya 1970 haikutengenezewa. Kuna anayeweza kukwambia gari lako ni la kabureta hivyo R9 ni kupoteza pesa. Mwache aseme. Kipande chenyewe ni kifupi, na kinapita juu ya injini yenye joto.

Klipu nazo. Ya chuma cha springi, iliyotoka kiwandani kwenye magari mengi, inaendelea kubana mpira unaponywea na kutanuka, kwa hiyo kama haijashika kutu irudishe, usiitupe kwa sababu tu inaonekana ya kizamani. Ya skrubu ni rahisi kupatikana na inatosha kwa maji, ila ikikazwa kwa hasira inakata mpira. Kwa petroli ya sindano tumia ile yenye mkanda laini usio na matundu na kingo zilizokunjwa juu.

Rejeta: lehemu, dawa, au mpya

Kwanza angalia mfuniko. Mfuniko wa rejeta si kifuniko cha sufuria. Wenye kiwango cha bar 0.9 unapandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi kama 118. Springi yake ikichoka, gari linachemsha na kumwaga maji huku rejeta ikiwa nzima kabisa. Ni kitu kidogo, na ndicho cha kwanza kubadilishwa.

Kama rejeta yenyewe inavuja, swali ni ya nini. Ya shaba, kama iliyofungwa kwenye MGB na Datsun za mwanzo, inachomelewa lehemu na fundi wa rejeta, na inaweza kuwekewa moyo mpya huku matangi yake ya asili yakibaki. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuikarabati: inabaki kuingia mahali pake bila kutoboa wala kukunja chochote. Ya alumini yenye tangi la plastiki ni habari nyingine. Plastiki inazeeka kwa joto. Kwenye MX-5 tangi la juu linatoka jeusi na kugeuka kahawia ya kuelekea kijani, na wenye magari hayo wanaijua rangi hiyo kama onyo. Hakuna gundi ya kulirudisha. Ukiona kahawia, badilisha kabla halijapasuka, kwa sababu likipasuka linafanya hivyo injini ikiwa na moto, na silinda hedi ya alumini haisamehi kuchemshwa.

Dawa za kuziba za kumimina kwenye maji zina nafasi moja: uko mbali, huna msaada, unataka kufika. Zinaziba tundu, na zinaziba pia mirija myembamba ya hita ambayo haikuomba kuzibwa.

Maji ya rejeta yenyewe: yale ya zamani ya kijani yenye silikati hubadilishwa kila baada ya kama miaka 2, yale ya asidi za kikaboni yanafika kama 5. Chagua aina moja. Ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine, suuza mfumo wote kwanza. Ukizichanganya, kinga dhidi ya kutu inapungua na unaweza kupata ute mzito kwenye mirija.

Oili: kuiacha itoe jasho, au kufungua

Hili ndilo eneo ambalo watu wanatumia nguvu nyingi bila sababu. Gari la zamani linatoa jasho la oili. Jasho si kuvuja. Kama unafuta na baada ya wiki kuna vumbi lililonata tu, funga boneti uende zako.

Kinachotakiwa kushughulikiwa leo ni oili inayofika kwenye menifoldi ya moshi, maana hiyo ni harufu leo na moto kesho, na oili inayofika kwenye mkanda. Kwenye Porsche 944 sili za mbele zikivuja, oili inaulowesha mkanda wa taiming, na ile ni injini ambayo mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Hapo tumeshatoka kwenye kasoro ndogo. Injini ya MX-5 ya lita 1.6 haina tabia hiyo ya kugongana, lakini mkanda uliolowa oili nao hauachwi.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, angalia valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Itoe, itikise: inayofanya kazi inachezacheza kwa sauti. Ikiwa kimya imeganda kwa masizi. Ikiziba, shinikizo linajaa ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na litasukuma oili kwenye gasketi mpya kama lilivyoisukuma kwenye ya zamani. Fundi anayebadilisha gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) mara ya pili bila kuigusa valvu hiyo anafanya biashara, hafanyi ukarabati.

Kujua oili inatoka wapi, linganisha njia mbili: rangi ya kumulikwa kwa taa ya zambarau, na poda nyeupe ya kawaida. Rangi inamiminwa kwenye oili na inaonyesha vizuri hata pembe za giza. Poda unaipulizia juu ya injini iliyooshwa na kukauka, unaendesha kidogo, unatazama mstari wa giza unaanzia wapi. Kwa tapeti kava poda inatosha. Kwa uvujaji wa nyuma ya injini nachagua rangi, kwa sababu oili inashuka na inadanganya. Kwenye MX-5, kwa mfano, o-ringi ya sensa ya kemshafti iliyo nyuma ya hedi ikikakamaa, oili inateremka ukutani mwa nyuma mpaka kwenye giaboksi, na mwenye gari anaambiwa sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. O-ringi ni kazi ya nusu saa na kipande cha mpira kinachotosha kiganjani. Sili ya nyuma ni kushusha giaboksi. Hakuna mahali pengine chini ya boneti ambapo kuangalia mara mbili kunalipa hivi.

Gasketi za tapeti kava sasa. Ya koki, ya MGB na magari ya wakati wake, ni nzuri ukiibandika upande wa kava tu kwa gundi kidogo na kuiacha kavu upande wa hedi, ili kava ifunguke tena bila kuipasua. Ya mpira au silikoni inarudia kutumika. Gundi ya silikoni ya tyubu peke yake, bila gasketi, ndiyo chaguo baya kuliko yote: kinachobanwa nje unakiona, kinachobanwa ndani kinakatika na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Tumia tone dogo kwenye pembe tu, pale ambapo vifuniko vya kemshafti vinakutana na hedi. Na usikaze. Boliti za tapeti kava ya MX-5 zinataka Nm 5 hadi 9, yaani nguvu ya kiganja, si ya bega. Kava ya bati ya MGB inashikwa na nati mbili tu juu. Ukizikaza kupita kiasi bati linapinda, na kuanzia hapo hakuna gasketi itakayolitosha.

Umeme: kusafisha, kuchomelea, au kuvuta waya mpya

Gari linastata kwa uvivu, mwenye gari ananunua betri. Halafu stata. Halafu anagundua ule msuko wa ethi (waya wa kurudisha umeme) kati ya injini na bodi ulikuwa umeoza. Kipimo chake ni hiki: multimita kwenye volti, waya mmoja kwenye ncha hasi ya betri yenyewe (si kwenye klipu yake), mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, na mtu mwingine apige stata. Ikisoma zaidi ya kama volti 0.2, umeme unapotelea njiani kurudi. Rudia upande wa chanya hadi kwenye stata. Hapo hadi kama 0.5 inavumilika. Ethi ikikatika kabisa, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo inaweza kuwa kebo ya pedali ya mafuta, ikaunguzwa.

Ukishapata palipo pabaya, kusafisha kwanza: maji yenye bikaboneti ya soda kwa chumvi za betri, msasa kwenye chuma mpaka king'ae, kaza, ndipo grisi juu yake. Kama waya wenyewe ukiuchubua shaba ya ndani ni nyeusi, usafi haufiki huko, vuta mpya. Kwenye MX-5 kumbuka betri iko kwenye buti, hivyo waya wake ni mrefu na una viungo pande zote mbili.

Kuunga waya kwa lehemu au kwa kubana kwa koleo? Lehemu inaonekana ya kifundi zaidi. Lakini waya uliochomelewa unakuwa mgumu pale lehemu inapoishia, na mtetemo wa injini unaukatia hapo hapo. Kiungo cha kubana, kwa koleo sahihi, chenye ala ya kunywea kwa joto yenye gundi ndani, ndicho ninachokipendekeza chini ya boneti.

Lehemu ina mahali pake: kwenye rilei ya DME ya 944. Rilei hiyo inalisha kompyuta ya injini na pampu ya petroli, na viungo vyake vya ndani vinapata nyufa kwa joto na miaka, gari likagoma kuwaka, mara nyingi likiwa na moto. Ifungue, utaona kwa kioo cha kukuza duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa shaba, ndio ufa. Unaweza kuuchomelea upya na rilei ikaishi. Je, ukarabati au ununue? Yote mawili: mpya inakaa kazini, iliyochomelewa inakaa ndani ya gari kama akiba, kwa sababu ikifa hakuna kusukuma wala kuomba kutakakokuwasha.

Pointi au mwako wa kielektroniki

Kwa wenye MGB, Datsun 240Z na wenzao, huu ndio ubishi mkubwa.

Pointi ni chuma na chuma: vipande viwili ndani ya distributa vinavyokata umeme wa koili ili cheche itokee. Kwenye injini ya silinda nne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, zinafunguka na kufunga mara 12,000 kwa dakika hiyo, kwa hiyo zinalika, na kisigino chake kinachosugua kemu nacho kinalika. Kisigino kikilika nafasi inapungua, na nafasi ikipungua taiming inachelewa. Gari halifi, linakuwa zito, linapoteza ule wepesi uliokufanya ulinunue. Unarudisha nafasi kwa fila (vibati vya kupimia nafasi), kwenye distributa ya Lucas ya MGB ni milimita 0.35 hadi 0.40, unaangalia taiming upya, umemaliza. Zikigoma njiani, kipande cha msasa laini kinaweza kukufikisha. Udhaifu wake wa leo hauko kwenye pointi zenyewe bali kwenye kondensa, maana za kuiga za siku hizi zina sifa mbaya. Kama una ya zamani inayofanya kazi, usiibadilishe kwa sababu tu umenunua seti.

Moduli ya kielektroniki inaingia ndani ya distributa ile ile, haionekani kwa nje. Haina cha kulika, taiming inabaki ulipoiacha, na distributa iliyochoka shafti inaivumilia kuliko inavyovumilia pointi. Bei yake ni namna inavyokufa: bila taarifa, kabisa, na hakuna msasa. Zinauawa na mambo mawili matatu yanayojirudia. Waya kuungwa kinyume. Swichi kuachwa imewashwa injini ikiwa imezimika, ambapo baadhi ya moduli zinaungua. Na koili isiyolingana: gari lenye waya wa kupunguza volti lilipewa koili ya kama omu 1.5, lisilo nao la omu 3, na ukifunga moja mahali pa nyingine ama cheche zinadhoofika ama kitu kinachemka. Pima koili kwa multimita kabla ya kununua moduli.

Mtu anayeendesha gari lake kila wiki, namshauri kielektroniki, na ile sahani ya pointi iliyokwisha kupimwa aiweke kwenye mfuko ndani ya gari pamoja na kondensa na bisibisi. Mtu ambaye gari lake linatoka mara chache na anapenda kushika spana, abaki na pointi. Hapati faida atakayoisikia.

Wa MX-5 hawana ubishi huu, lakini wana urahisi mwingine. Koili zake zinawasha silinda kwa jozi: 1 na 4, 2 na 3. Gari likimisi, chomoa na kurudisha waya za plagi moja moja kwa koleo lililofunikwa mpira. Zikiwa zimekufa 1 na 4 pamoja, shuku koili. Ikiwa moja tu, shuku waya au plagi. Waya wa plagi unaovuja umeme haukarabatiwi. Uangalie usiku boneti ikiwa wazi, utaona cheche za buluu zikirukia chuma.

Kabureta pacha: kuzifufua au kufunga moja kubwa

Seti ya gasketi na sindano mpya haitibu ugonjwa wa kawaida wa kabureta za SU, kama zile pacha za MGB, ambao ni shafti ya kipepeo kulegea kwenye mwili wa kabureta. Ishike uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia hapo na hakuna namna ya kuipanga itulie. Inatakiwa kupelekwa kwa fundi wa mashine iwekewe bushi na shafti mpya. Wengi wakisikia hivyo wanatupa zote mbili na kufunga kabureta moja ya Weber. Utapata kitu rahisi kupanga, sitabisha, lakini unahitaji menifoldi nyingine, kebo nyingine, mara nyingi na chujio jingine la hewa, na jeti zilizokuja nazo zilichaguliwa kwa injini ya mtu mwingine. SU zilizofufuliwa vizuri hazitaki zaidi ya oili nyepesi kwenye dampa na kusikilizishwa zivute sawa. Nachagua SU.

Vyovyote utakavyochagua, kabureta iwe ya mwisho: hewa kwanza, umeme, taiming, ndipo mchanganyiko. Kabureta iliyopangwa kufidia mpira uliopasuka itapangwa tena siku mpira ukizibwa.

Feni

Feni ya mkanda inachosha injini kidogo na inafanya kazi mpaka mkanda ukatike. Ya umeme ni nyepesi, inapooza hata kwenye foleni, na inakula ampia 10 hadi 25. Alternata ya Lucas 16ACR, iliyofungwa kwenye MGB nyingi, inatoa kama 34 kwa gari zima. Jumlisha taa, waipa na feni uone kinachobaki. Kama gari halichemshi, acha feni ya mkanda. Kama unafunga ya umeme, iwe na rilei na fyuzi yake.

Mwenyewe au fundi

Mipira ya hewa na maji, klipu, ethi, plagi, pointi, tapeti kava: fanya mwenyewe. Piga picha kabla ya kuchomoa, bandika namba kwenye kila mpira wa vakyumu, badilisha kimoja kisha uwashe kabla ya kugusa cha pili, la sivyo ukikosea hutajua umekosea wapi. Rejeta yenye moto haifunguliwi. Kwenye magari mengi feni ya umeme inaweza kuanza injini ikiwa imezimwa, hivyo chomoa kiunganishi chake kabla ya kuingiza mkono.

Petroli ya mfumo wa sindano unaweza kuifanya ukijua kutoa shinikizo kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu injini ikiwaka, iache ijizime yenyewe, kisha tenganisha betri na uwe na kizimamoto karibu. Kama sentensi hiyo imekutia wasiwasi, mpe fundi. Bushi za kabureta, moyo wa rejeta na mkanda wa taiming wa 944 mpe pia.

Katika kuchagua fundi wa magari haya, mweleze dalili bila kumtajia unachokishuku, halafu muulize ataanza kupima nini. Anayetaja kipimo mpe ufunguo. Anayetaja spea ya kununua, endelea kutafuta.